Usiwaulize Darubini Ilirushwa Lini

Chemshabongo ya kwanza ya habari za sayansi niliyowahi kuitunga ilikuwa na maswali kumi, na yote kumi yalikuwa mabaya. Ilikuwa Julai 2022, picha za kwanza za darubini ya anga ya James Webb zimetoka wiki ileile, nami nikiwa na hamu ya kuwaonyesha wanafunzi kwamba sayansi haiishii kwenye kitabu cha kiada. Niliuliza darubini ilirushwa lini, ilirushwa kutoka wapi, kioo chake kina upana wa mita ngapi. Binti mmoja wa kidato cha tatu alipata tisa. Desemba 25, 2021, sawa. Kourou, Guyana ya Ufaransa, sawa. Mita 6.5, sawa. Nikamsifu mbele ya wenzake. Kisha, kwa kuwa kengele ilikuwa bado haijalia, nikamtupia swali la mdomo ambalo halikuwamo kwenye karatasi: kwa nini darubini hii imepelekwa mbali kiasi kile?

Akajibu bila kusita: "Ili iwe karibu na nyota, mwalimu, ipige picha vizuri."

Darasa zima likatikisa vichwa kukubali.

Webb iko kilomita milioni 1.5 kutoka duniani. Nyota iliyo jirani zaidi nasi baada ya Jua iko umbali wa kilomita trilioni 40 hivi. Jioni ile nilikaa nikapiga hesabu kwa kutumia reli ya kati, Dar es Salaam hadi Kigoma, kilomita 1,250 hivi. Safari yote ya Webb ni sawa na abiria aliyesimama stesheni ya Dar akasogeza mguu kiasi kisichofika sentimita tano, halafu akapiga simu nyumbani kusema Kigoma sasa inakaribia. Darubini haikupelekwa kule kuzifuata nyota. Ilipelekwa kukimbia joto. Inasoma mionzi ya infraredi, ile isiyoonekana kwa macho ila ngozi huihisi kama joto, na mahali ilipo, Jua, Dunia na Mwezi vyote viko upande mmoja, hivyo mwavuli mmoja wa tabaka tano, wenye ukubwa wa uwanja wa tenisi, unatosha kuikinga na vyote vitatu. Binti alikuwa na tisa kati ya kumi na hakujua mwavuli ni wa nini. Kosa halikuwa lake. Mimi sikumuuliza.

Kulikuwa na kosa jingine kwenye karatasi ile, nalo lilinichukua muda zaidi kuliona. Waliopata alama nzuri walikuwa watoto wa kutwa ambao nyumbani kwao, au kwa jirani, kuna televisheni au simu yenye bando. Wa bweni waliambulia mbili, tatu. Nilidhani nimepima uelewa wa sayansi. Kumbe nilikuwa nimehesabu madishi ya mtaani.

Tangu hapo nimebadilisha utaratibu, na ndio ninaotaka kukushauri, mwalimu mwenzangu, iwe unafundisha fizikia, kemia, biolojia au jiografia. Habari iletwe darasani na mwalimu. Iandike ubaoni kwa sentensi sita hadi nane, au isome mara mbili kwa sauti kama mtangazaji wa redio, kila mtu aisikie kwa wakati mmoja. Kisha uliza maswali huku habari bado iko ubaoni. Mwalimu mmoja aliniambia hiyo ni kuwapa majibu. Nikamwomba ajaribu. Alirudi ofisini na rundo la daftari na uso wa mtu aliyekutana na jambo: theluthi mbili ya darasa lake walikuwa wamekosa swali ambalo jibu lake lilikuwa ubaoni, kwa sababu lilihitaji kuunganisha sentensi ya pili na ya sita.

Si kila habari inafaa. Habari ya kwamba taasisi fulani imesaini mkataba wa utafiti haina kitu cha kuuliza. Mimi natafuta habari ambayo ndani yake kuna mtu aliyepima kitu, kuna namba mbili zinazoweza kulinganishwa, na kuna mada ambayo wanafunzi wameshaisoma au wataisoma muhula huu. Tuzo za Nobel, ambazo wengi huzikimbilia kila Oktoba, kwa kawaida mimi huziacha. Zinageuka haraka kuwa orodha ya majina.

Mfano unaonifaa kila mwaka ni DART. Septemba 26, 2022, chombo cha NASA chenye uzito wa kilo 570 hivi kilikigonga kijimwamba kiitwacho Dimorphos, chenye upana wa mita 160 hivi, kwa mwendo wa zaidi ya kilomita 6 kwa sekunde. Dimorphos humzunguka mwenzake mkubwa, Didymos. Kabla ya kugongwa, mzunguko mmoja ulichukua saa 11 na dakika 55. Baada ya kugongwa, saa 11 na dakika 23. Habari nzima imekwisha hapo, na ubao haujajaa.

Swali la kwanza liwe jepesi, kila mtu aokote chochote: mzunguko umepungua kwa dakika ngapi? La pili lipande ngazi moja: basi kijimwamba sasa kiko karibu zaidi na mwenzake, au mbali zaidi? Hapo utaona nani anakumbuka mada ya sayari na nani alikariri. La tatu ndilo ninalolipenda: tukio lilitokea kilomita milioni 11 kutoka duniani, hakuna aliyekuwepo na saa mkononi, wanasayansi walijuaje kuwa muda umebadilika? Wape dakika. Usikimbilie kujibu. Mwaka jana kijana mmoja, ambaye kwa kawaida hukaa nyuma akichora magari, alisema labda ni kama mdudu anayeizunguka taa ya barazani: kila akipita mbele, mwanga unapungua kidogo. Ndivyo walivyofanya hasa. Darubini za duniani zilipima jinsi nukta ile ya mwanga ilivyofifia na kung'aa, wakahesabu muda kati ya kufifia na kufifia.

Swali la "walijuaje" ndilo uti wa mgongo wa chemshabongo zangu zote. Habari za sayansi redioni hukata sehemu hiyo kwanza, kwa kuwa dakika ni chache. Mwanafunzi akizoea kuitafuta sehemu iliyokatwa, utaona anaanza kuisikiliza redio kwa namna nyingine.

Kwa kidato cha kwanza, ambao hesabu za mizunguko zitawatisha, mimi huwaletea Magawa. Huyu alikuwa panya buku aliyezaliwa na kufunzwa Morogoro, chini ya shirika la APOPO lililoko Chuo Kikuu cha Sokoine, akapelekwa Kambodia kunusa mabomu ya ardhini. Mwaka 2020 alipewa nishani ya dhahabu na shirika la Uingereza la PDSA, panya wa kwanza kuipata. Watoto hucheka, na kicheko kinafungua mlango. Kisha uliza: bomu la ardhini hulipuka likikanyagwa, kwa nini Magawa hakulipuka nalo? Jibu ni uzito wake, kilo moja na kidogo. Halafu: kifaa cha kutafuta metali hupiga kelele kikipita juu ya msumari wenye kutu, lakini panya hupita kimya, kwa nini? Kwa sababu yeye hanusi chuma, ananusa kemikali ya baruti. Hapo umepima shinikizo na tofauti ya sifa za maada bila kutaja neno la mtaala hata moja.

Sasa nije kwenye mfano ambao ningekushauri uanze nao, kwa kuwa unabeba karibu kila kitu.

Machi 2018, baada ya mvua kubwa, ardhi ilifunguka karibu na Mai Mahiu, ndani ya Bonde la Ufa nchini Kenya. Barabara ya kwenda Narok ilikatika, na baadhi ya wakazi walilazimika kuhama. Ndani ya siku chache picha za shimo lile refu zilikuwa zimezunguka dunia zikiwa na kichwa kilekile kwa lugha nyingi: Afrika inapasuka vipande viwili. Wataalamu wa miamba walipokwenda na kusema, maelezo yao yalikuwa ya polepole na yasiyouza magazeti. Bonde lile limejaa majivu laini ya volkano za zamani. Maji ya mvua huyasomba chini kwa chini, paa linabaki juu halina nguzo, siku moja linaporomoka. Baadhi yao walisema chini yake huenda kuna ufa wa kale uliokuwa umefukiwa na majivu hayo. Wengine waliona mmomonyoko unatosha kueleza kila kitu. Na wote walikubali kwamba upande wa mashariki wa Afrika kweli unajitenga na bara, ila kwa mwendo wa milimita chache kwa mwaka, kazi ya mamilioni ya miaka.

Ukishaisoma hivyo, wape sentensi tano na uwaambie waandike herufi moja mbele ya kila moja: K kwa kweli, S kwa si kweli, B kwa bado haijathibitishwa. Herufi ya tatu ndiyo inayowatoa jasho. Wanafunzi wetu wamelelewa na mitihani ya kweli na si kweli. Hawajawahi kupewa ruhusa ya kuandika kwamba jambo halijulikani na wakapata vema. "Ufa wa Mai Mahiu ulisababishwa na mvua peke yake" inastahili B. "Afrika Mashariki inajitenga na bara" ni K. "Wajukuu wetu watavua samaki wa baharini Naivasha" ni S, na darasa langu lilisikitika kidogo kuikosa hiyo.

Kisha ije hesabu. Sehemu nyingine za shimo lile zilikuwa na upana wa mita 10 na zaidi. Hata tukilipa bonde mwendo mkubwa wa milimita 7 kwa mwaka, ingechukua muda gani kufungua mita 10? Ni kugawanya tu: milimita 10,000 kwa 7, miaka 1,400 na ushei. Basi waulize: kitu kinachohitaji miaka 1,400 kimetokeaje ndani ya siku chache za mvua? Nilipouliza hivyo kwa mara ya kwanza, darasa lilinyamaza, halafu sauti moja ya chini ikasema, "Labda kilikuwapo zamani, mwalimu, kilikuwa kimefunikwa." Mtoto yule alikuwa amefika, kwa kalamu na kugawanya, palepale walipofika baadhi ya wataalamu waliokwenda na vyombo vyao.

Habari za afya zinahitaji uangalifu wa namna yake, maana mwanafunzi ataibeba nyumbani na mama ataifanyia kazi. Hapa kosa kubwa liko kwenye asilimia. Oktoba 2023 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza chanjo ya pili ya malaria, R21. Majaribio yake makubwa yalifanyika Burkina Faso, Mali, Kilifi nchini Kenya na Bagamoyo kwetu hapa. Katika maeneo yenye malaria ya msimu, ufanisi ulioripotiwa kwa mwaka wa kwanza ulikuwa asilimia 75. Uliza darasa maana yake. Wengi, na walimu wenzangu kadhaa ofisini, watasema: kati ya watoto 100 waliochanjwa, 75 hawataugua. Sivyo. Ni ulinganisho wa makundi mawili. Chora ubaoni: tuseme kundi lisilochanjwa limepata malaria mara 40, na kundi la ukubwa uleule lililochanjwa limepata mara 10. Zimepungua 30 kati ya 40, hiyo ndiyo asilimia 75. Halafu badilisha namba, 8 na 2, waone kwamba asilimia ni ileile ingawa kijiji ni tofauti kabisa. Swali la mtihani litokane na hapo: "Bila kujua kundi lisilochanjwa liliugua mara ngapi, unaweza kusema ni watoto wangapi wataugua?" Jibu ni hapana, na mwanafunzi atakayeandika hapana na sababu yake amewapita watu wazima wengi.

Maneno nayo yana mitego. Mwaka 2024 zilikuja habari za lenakapaviri, sindano ya mara mbili kwa mwaka ya kuzuia maambukizi ya VVU. Katika jaribio moja lililofanyika Afrika Kusini na Uganda, kati ya wanawake 2,134 waliopewa, hakuna hata mmoja aliyeambukizwa. Vijiweni ikaitwa chanjo ya Ukimwi. Nikalifanya hilo swali: kwa nini hii si chanjo? Chanjo huufundisha mwili kujilinda. Sindano hii ni dawa inayokaa mwilini, na ikiisha, ulinzi nao unaisha. Unaweza kusema tofauti hiyo ni ya wataalamu tu. Kwa mtu atakayeruka sindano ya pili akidhani ameshachanjwa, si ya wataalamu.

Niseme sasa kosa langu la Mirihi, kwa kuwa najua utashawishika kulifanya.

Nilitaka kuwapima kama wanaweza kuitambua habari ya uongo, nikachanganya habari tatu za kweli na moja ya uongo: kwamba usiku wa Agosti 27 sayari ya Mirihi itaonekana kubwa kama Mwezi. Muda ukaisha, nikasema tutasahihisha Jumatatu. Ilikuwa Ijumaa, na tarehe niliyoitaja ilikuwa Jumapili. Jumatatu asubuhi nikakutana na mzazi getini, mzee wa heshima, akaniuliza kwa upole kwa nini Mirihi haikutokea, maana yeye na majirani zake walikaa nje hadi saa nane usiku. Nilimwomba radhi. Bado ninamwomba radhi kila tukionana.

Usiruhusu uongo ulale nje ya darasa. Habari ya uongo itolewe na ifichuliwe ndani ya kipindi kilekile, na daftarini iandikwe pamoja na neno UONGO pembeni kwa wino mwekundu. Hilo la kwanza. La pili nililijua baadaye nilipofuatilia uvumi wenyewe ulikotoka, na ni zuri kuliko swali langu la awali. Agosti 27, 2003, Mirihi kweli ilikaribia Dunia kuliko ilivyowahi kwa maelfu ya miaka, kilomita milioni 56 hivi. Ujumbe wa wakati ule ulisema kwamba ukiitazama kwa darubini inayokuza mara 75, itaonekana na ukubwa wa Mwezi unaoonwa kwa macho matupu. Katika kusambazwa, maneno ya darubini yakadondoka njiani, na mwaka nao ukafutika. Uvumi huo umekuwa ukirudi tangu wakati huo. Siku hizi ninawapa sentensi iliyopungukiwa na kuwauliza: neno gani limedondoka hapa? Swali hilo linawafaa zaidi kuliko "kweli au uongo", kwa sababu habari nyingi potofu zinazozunguka kwenye WhatsApp hazikubuniwa kutoka hewani. Ni kweli iliyokatwa mguu.

Kuhusu maswali ya kuchagua: majibu yasiyo sahihi usiyatunge mwenyewe. Yaokote. Nina daftari dogo ninamoandika majibu ya ajabu ya wanafunzi, na "ili iwe karibu na nyota" ndilo liko ukurasa wa kwanza. Mwaka uliofuata lilikuwa jibu B katika swali kuhusu Webb, na zaidi ya nusu ya darasa walilichagua. Hilo liliniambia nifundishe nini wiki ile. Jibu potofu nililobuni mimi halimvutii mtu, maana nafikiri kama mwalimu.

Lipo pia suala la lugha, na hapa nina msimamo. Redio inamletea mtoto habari kwa Kiswahili, mtihani wa sekondari unamtaka aandike Kiingereza. Katika chemshabongo hii ninaruhusu lugha yoyote kati ya hizo mbili, hata kuchanganya, na ninasahihisha sayansi tu. Yule wa mdudu barazani angekaa kimya kama ningemdai Kiingereza. Wakaguzi waliwahi kuniuliza juu ya hilo. Niliwaonyesha daftari, wakasoma, wakasonga mbele.

Darasa lenye wanafunzi 80 halikuruhusu anasa. Maswali matatu yanatosha, dakika 15 za mwisho za kipindi cha Ijumaa. Wabadilishane daftari na kusahihishana, wewe ubaki na yale ya "walijuaje" tu, na hata hayo usome 20 kwa wiki kwa zamu. Alama zake usiziingize kwenye maendeleo ya muhula, angalau mwaka wa kwanza. Nilijaribu kuziingiza, kufikia wiki ya tatu waliacha kuandika B. Walirudi kubahatisha K na S, kwa kuwa alama ikihesabiwa mtoto haoni faida ya kukiri kwamba hajui. Baada ya wiki tatu au nne, rudisha swali moja la zamani bila kuwaonya. Utashangaa yaliyobaki: namba zimeondoka, lakini mdudu na taa bado yupo.

Na wakishazoea, wape wao kazi ya kutunga. Kundi moja kwa wiki lilete habari na maswali matatu, moja kati yake lianze na "walijuaje". Mwanzoni watakuletea tarehe na majina, kama nilivyofanya mimi. Vumilia.

Kuna jambo moja la kujiandaa nalo wewe mwenyewe: siku mwanafunzi atakapouliza swali ambalo huna jibu lake, mbele ya wote. Sisi tunaofundisha nchi hii tuna hadithi yetu ya siku hiyo. Mwaka 1963, katika shule ya sekondari ya Magamba kule Lushoto, Erasto Mpemba aliweka kwenye friza maziwa ya moto ya kutengenezea aiskrimu bila kusubiri yapoe, kwa kuwa nafasi ilikuwa inagombaniwa, na yakaganda kabla ya ya mwenzake ambayo hayakuchemshwa. Alipouliza, mwalimu alimwambia amechanganyikiwa. Baadaye, akiwa shule ya Mkwawa, Iringa, ambako wenzake walifanya jina lake kuwa la dhihaka, alimuuliza swali lilelile mgeni kutoka Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Denis Osborne. Darasa lilicheka. Osborne alirudi chuoni akajaribu, na mwaka 1969 wakachapisha makala pamoja. Leo jambo hilo linaitwa kwa jina la Mpemba duniani kote.

Ila usiishie hapo, kama ambavyo sherehe zetu huishia. Mwaka 2016 watafiti wa Uingereza walipima upya na kusema hawakuona ushahidi wa kuridhisha kwamba maji ya moto huganda mapema. Walionyesha kwamba hata kuhamisha kipimajoto sentimita moja kunaweza kugeuza matokeo. Wengine hawakukubaliana nao. Nilipolipeleka darasani kwa K, S, B, wanafunzi waligawanyika kwa uchungu. Nusu waliona kuandika B ni kumsaliti Mtanzania mwenzao. Niliwaachia wabishane hadi kengele, kisha nikawapa kazi ya nyumbani kwa wenye jokofu: vikombe viwili, maji ya moto na ya baridi, mje na saa. Matokeo yalikuja ya kila aina. Binti mmoja alileta majibu matatu tofauti kutoka friza moja na kuniuliza aandike lipi. Nilimwambia ayaandike yote matatu.

Chemshabongo ninayoiandaa sasa haina habari bado. Agosti 2, 2027, Jua litapatwa kikamilifu katika ukanda unaopita Afrika Kaskazini, Luxor, Makka na pembe ya Somalia. Mahali pengine giza litazidi dakika sita. Sisi huku tutaona sehemu tu ya Jua ikimegwa. Wazazi wa baadhi ya wanafunzi wangu waliiona ile pete ya Rujewa, Mbeya, Septemba 1, 2016, na wana mengi ya kusimulia. Nimewapa vidato viwili swali moja, majibu yaandikwe sasa na yasomwe siku yenyewe: wanaastronomia wanajua hadi sekunde ni lini kivuli cha Mwezi kitaufikia mji fulani, kwa nini hakuna anayeweza kutuambia leo kama siku hiyo kutakuwa na mawingu?

Karatasi 43 zimeshaingia kwenye bahasha, ipo kabatini. Nimezisoma tano tu, na ya tatu, ya yule mchora magari, imeniacha na swali la kumuuliza mwalimu wa jiografia.